Kutoka Mtumbwini Hadi Chunguni: Asubuhi Moja katika Bandari ya Kalundu

Ndagala ni chakula cha kila nyumba katika sehemu zetu za mashariki ya Kongo. Mtoto huanza kuwala kabla hajajua kuhesabu. Twawakuta sokoni wamekaushwa, wamerundikwa katika mabeseni. Twalipa, twawatia katika mfuko, twarudi nyumbani. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kujiuliza: Samaki huyu mdogo ametoka wapi? Ni nani aliyekesha kwa ajili yake? Naye alilipa nini?

Mimi mwenyewe nilikuwa katika hesabu ya wasiojiuliza. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa katika mji wa Uvira, mahali ambapo ziwa laonekana toka dirisha la darasa, wala sikuwa nimeingia mtumbwini usiku hata mara moja. Aliyenifanya niingie ni mwanafunzi wangu. Hakunialika kwa maneno. Alinialika kwa kusinzia.

MTOTO MWENYE USINGIZI

Ilikuwa mwaka 2018, mwezi wa Mei. Mtihani wa mwisho wa darasa la sita ulikuwa umekaribia, na kila mwalimu ajua jinsi moyo unavyokosa raha siku zile. Mtoto huyo alikuwa na miaka 14. Hakuwa mjinga hata kidogo. Hesabu za sehemu alizimaliza upesi kuliko wenzake. Lakini ilipofika saa tatu ya asubuhi, kichwa chake kilianza kushuka polepole, mpaka paji la uso likagusa dawati.

Nilimwonya. Nilimsimamisha nyuma ya darasa. Siku moja nilimpa panga akafyeke majani ya uwanja, na wenzake walikuwa wakicheza mpira. Alifyeka bila neno lolote, akanirudishia panga kwa mikono miwili kama ilivyo adabu. Kesho yake akasinzia tena.

Hata hivyo niliona jambo moja la ajabu. Kila mwezi zilikuwako siku sita au saba ambazo mtoto yule alikuwa macho kabisa, akijibu kila swali. Siku hizo zikipita, usingizi wamrudia. Nilimweleza mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa pwani ile. Yeye akacheka, akasema: « Ndugu yangu, wewe watazama kitabu cha mahudhurio, tazama mwezi. Wakati wa mbalamwezi kubwa wavuvi hawaendi ziwani. »

Nilinyamaza kama mtu aliyemwagiwa maji. Jioni ya siku ile nilishika njia ya Kalundu, kusini ya mji, ilipo bandari.

Nilimkuta babu yake mtoto ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akiziba ufa kwa pamba.

« Jambo, Mzee. »

« Jambo sana, Mwalimu. Karibu ukae. Mtoto amekosa nini? »

« Hajakosa, Mzee. Nimekuja kuuliza analala saa ngapi. »

Mzee aliendelea kusukuma pamba katika ufa. Kisha akasema: « Sitakudanganya. Analala jua likichomoza, na kengele yenu yamwamsha. Lakini kabla hujanihukumu, uje uone. Kesho, tarehe 17 Mei, ni sikukuu ya nchi, hakuna shule. Mwezi ndiyo kwanza umeandama, utatua mapema, na ziwa litakuwa giza. Uje saa tisa ya usiku. Nawe ulete koti. »

ZIWA LA USIKU

Nilifika na koti langu. Mtoto aliponiona alisimama wima kama tulivyo darasani, kisha akainama kushika ukingo wa mtumbwi ausukume. Bandarini palikuwa kimya. Meli za mizigo zilisimama bila taa. Ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, taa za Bujumbura zilikuwa kama mstari mwembamba. Nyuma yetu milima ya Mitumba ilisimama kama ukuta mweusi.

Mbele yetu, juu ya maji, niliona mji mwingine. Taa kumi, ishirini, hamsini, nyingine nyeupe, nyingine za manjano, zikichezacheza juu ya mawimbi. « Wale ndio wavuvi wa ndagala, » akasema mzee, akaanza kupiga kasia.

Labda mtu wa bara hajui ziwa hili ni la namna gani. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, toka Burundi hata Zambia. Kongo iko magharibi na Tanzania mashariki. Kina chake hufika meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal tu, lililo katika nchi ya Urusi, linaloshinda kwa kina. Mto Ruzizi huingia ndani yake upande wa kaskazini, karibu na Uvira. Mto Lukuga hutoka Kalemie kuelekea Lualaba. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walitaka sana kujua kama Ruzizi waingia au watoka. Wenyeji waliwaambia kwamba waingia, na wenyeji walisema kweli.

Ndagala ni mtoto wa ziwa hili, lakini jamaa zake wa mbali wako baharini. Ukoo wake ni ule ule wa dagaa wa chumvi wanaotiwa katika makopo. Yule mdogo kabisa hazidi urefu wa kidole, naye haishi sana kupita mwaka mmoja. Ndugu yake, lumbu, ni mkubwa kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lumbu walichukuliwa wakatiwa katika ziwa Kivu, nao wakazaana. Ndio hao ambao watu wa Bukavu na Goma wanawaita sambaza. Karibu na mwaka 1968 wengine walipelekwa mpaka ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako huitwa kapenta. Basi, msomaji wa Bukavu, ukila sambaza, jua kwamba wala mgeni aliyetoka kwetu.

Tulipokaribia taa, niliona jinsi kazi inavyofanyika. Mitumbwi miwili mikubwa imeunganishwa kwa miti, nafasi ikabaki katikati, na wavu mpana kama mfuko umeshushwa kwa kamba ndani sana. Juu ya maji zawaka taa. Zamani zilikuwa za mafuta, zikivuma kama nyuki. Mwaka ule wengi walikuwa wamekwisha kuziacha kwa ajili ya taa za betri. Zamani zaidi, wazee waliwasha moto wa kuni katika mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu.

« Mchana ndagala wako chini kilindini, » mzee alinieleza. « Usiku wanapanda kufuata vijidudu wanavyokula. Wakiona taa, wanakusanyika. Saa mbili, saa tatu, watu wanangoja tu. Kisha wavu unavutwa toka chini, nao wamo. Lakini mwezi ukiwa mzima, nuru iko kila mahali. Kwa nini waje kwenye taa yako? »

Hivyo fumbo langu la siku saba likafunguka, na aliyelifungua hakuwa na cheti chochote.

KAZI YA MTOTO

Mzee wetu hakuwa na mtumbwi wa namna ile, wala wavu mkubwa. Yeye alikuwa mvuvi wa ndoana. Alikwenda kando ya wale wakubwa, kwa sababu mahali walipokusanyika ndagala ndipo wanapokuja mikeke kuwawinda. Mukeke ni samaki wa ukoo wa sangala, mrefu, mwenye rangi ya fedha, nyama yake nyeupe na tamu. Huko Burundi na kwetu, mgeni akipewa mukeke amepewa heshima.

Nilitaka kujua mtoto afanya nini. Sikungoja sana. Mtumbwi ule ulikuwa mzee kama mwenyewe. Maji yaliingia polepole kwa ufa usiokubali kuzibwa. Mtoto alishika kopo, akachota, akamwaga, akachota, akamwaga. Nilihesabu: kila nilipofika mia moja na hamsini, alikuwa amekwisha kuanza tena.

« Mwenye kasia hawezi kuchota, » akasema mzee. « Na mwenye mshipi hawezi kupiga kasia. Tungekuwa watu wazima wawili, ningemwacha alale. Baba yake alikwenda machimboni miaka minne iliyopita. Tulipata habari yake mara moja tu. »

Upepo ulianza kuvuma toka kusini. Ni desturi yake kuanzia mwezi wa Mei, wakati wa kiangazi. Wimbi moja lilipiga ubavuni, likaturushia maji hata magotini. Bila kuambiwa, nilivua kofia yangu nikaanza kuchota nayo. Mtoto alinitazama mara moja, halafu akatazama kando. Nafikiri alikuwa akificha kicheko. Mzee aliuelekeza mtumbwi upande wa upepo, akaushikilia hivyo kwa muda, mikono yake ikitetemeka kwa nguvu. Kwa dakika kumi hakuna aliyesema. Kisha upepo ukalegea, nasi tukaanza kupumua tena.

Watu wa mtumbwi mkubwa mmoja walituita tusaidie kuvuta kamba, maana mwenzao alikuwa ameumia mkono. Tulivuta pamoja, wakihesabu kwa sauti. Wavu ulipopanda, maji yalianza kuchemka kwa fedha; ndagala maelfu na maelfu, wakitoa mlio kama mvua juu ya majani. Kwa ujira wetu walitujazia ndoo moja. Hiyo ni desturi nzuri ya ziwa: mkono uliovuta haurudi mtupu.

ALFAJIRI YA MIKEKE

Kama saa kumi na moja na nusu, mbingu juu ya milima ya Burundi zilianza kuwa kijivu. Ndipo mzee alipotoa mishipi. Alimchoma ndagala mmoja katika ndoana, akashusha, akihesabu pima kwa mikono. Mara mshipi ukakaza. Alivuta bila haraka, mkono juu ya mkono, na mukeke wa kwanza akaingia mtumbwini akipiga mkia.

Nami nilipewa mshipi. Samaki wangu wa kwanza alishika, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mshipi ukalegea: amekwenda.

« Mwalimu, » akasema mtoto, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu usiku ule, « ukimvuta kwa hasira, mdomo wake unapasuka. Umwache kidogo, umvute kidogo. »

Nilikumbuka panga nililompa na majani aliyofyeka. Sikujibu. Nilishusha mshipi tena, nikamwacha kidogo, nikamvuta kidogo, na wa pili hakukimbia. Jua lilipotokea tulikuwa na mikeke tisa.

WAVU WA CHANDARUA

Tulipokuwa tukirudi kandokando ya pwani, tuliwaona watu sita wakikokota wavu katika maji mafupi. Wavu wenyewe ulikuwa wa vyandarua, vile vya kujikinga na mbu, vilivyoshonwa pamoja. Beseni lao lilikuwa limejaa.

Mtoto alitazama sana, kisha akauliza: « Babu, wale wanajaza beseni kwa saa moja, wala hawakeshi. Kwa nini sisi tunakesha? »

Mzee alisimamisha kasia. Akawasalimu wale watu, akaomba kiganja kimoja cha samaki wao, akamwonyesha mtoto. Walikuwa samaki wadogo kama punje za mchele, macho tu na mkia.

« Hawa ni watoto wa lumbu na wa samaki wengine. Wanakua hapa ukingoni, halafu wanakwenda kilindini. Beseni moja la leo lingekuwa magunia mangapi mwakani? Wewe unajua hesabu, unihesabie. »

Mtoto hakuhesabu. Mzee alipiga kasia mara tatu nne, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayesema na maji: « Hata mimi nimewahi kuuvuta wavu ule. Ni mwaka ule mama yako alipokuwa mgonjwa. Simhukumu mtu. Lakini tangu siku ile najua nilimla nani. »

Wasomaji wapenzi, nimesikia hotuba nyingi juu ya uvuvi mbaya, nami nimetoa nyingine mbele ya ubao. Hakuna iliyoniingia kama neno hilo.

MAFUNGU MATATU

Pwani wamama wauzaji walikuwa wakingoja, mabeseni vichwani. Mabishano ya bei hayakuchukua muda mrefu, kwa sababu jua lapanda na samaki hangoji. Mikeke saba iliuzwa, na miwili ikabaki. Mzee aliketi, akaziweka noti juu ya ubao, akazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la deni la dukani. La pili lilikuwa la ndoana, mishipi na ubao mpya wa mtumbwi. La tatu, dogo kuliko yote, alilifunga katika kitambaa, akampa mtoto.

« Hilo ni la nini? » nikauliza.

« La shule yenu, Mwalimu. Alirudishwa nyumbani mara mbili. »

Nilijua. Ni mimi niliyesoma jina lake mbele ya darasa, katika orodha ya wenye madeni. Mtoto alikuwa akikesha ili apate ada ya shule, na kwa sababu ya kukesha hakuweza kujifunza kile alicholipia. Nami nilisimama katikati, panga mkononi.

JIKONI

Mama mzee, mke wa yule mvuvi, hakuniruhusu kuondoka. « Mtu hali usiku wa ziwa akaenda nyumbani na njaa, » alisema. Basi nikaketi chini ya mwembe, nikatazama. Nitawaeleza wasomaji wetu wa kike, na wa kiume pia, maana kupika si aibu kwa mtu yeyote.

Mikeke miwili aliipara magamba, akaipasua tumbo, akaosha kwa maji safi. Kila ubavu aliukata mistari mitatu ya mshazari, ili chumvi ipite. Alisaga pamoja chumvi, pilipili, kitunguu na kitunguu saumu, akakamulia ndimu, akaipaka mikeke ndani na nje, akaiacha ikae. Wakati ule makala yalikuwa yakiwaka. Hakuweka samaki juu ya moto wenye ndimi. Alingoja mpaka makala yakafunikwa na jivu jeupe. Kisha akaiweka mikeke juu ya wavu wa chuma, akaipaka mafuta kidogo, akaigeuza mara moja tu. « Anayegeuza kila saa, » alisema, « anakula vipande. »

Ndagala wabichi walikuwa na njia yao. Aliwaosha mara mbili, akawaacha wachuje maji. Katika chungu alipasha mawese mpaka harufu yake mbichi ikaisha, akatia vitunguu, halafu nyanya nyingi zilizokatwakatwa, chumvi na pilipili moja nzima bila kuipasua. Nyanya zilipolainika aliwalaza ndagala juu, akafunika. Hakuingiza mwiko hata kidogo. Alishika chungu kwa pande mbili kwa kitambaa, akakitikisa. Ndagala mbichi akikorogwa huvunjika akawa uji. Robo ya saa haikwisha, chakula kikawa tayari. Kando yake palikuwa na ugali wa muhogo na sombe iliyotwangwa.

Ndagala waliobaki hakuwamwaga mchangani kama wengi wafanyavyo. Aliwatandaza juu ya kitanda cha miti chenye wavu wa chuma, kilichoinuliwa kiasi cha kiuno. Hewa yapita juu na chini, nao hukauka upesi; kuku hawafiki, na mvua ikitokea ni rahisi kuwafunika. Tena anayewanunua hatafuni mchanga. Ninyi mnaonunua ndagala wakavu, waulizeni wauzaji wamekaushwa wapi. Swali hilo peke yake lafundisha. Na wakifika nyumbani, walowesheni kwa maji ya moto kitambo kidogo, muwaoshe vizuri, ndipo muwapike.

Tulinawa, tukaanza kula. Mzee alinimegea sehemu ya shingo ya mukeke, iliyo nono kuliko zote. Sijala chakula kitamu hivyo katika meza yoyote. Kumbe, mtoto alikuwa amemega tonge la ugali, akalichovya katika mchuzi, na mkono wake ukabaki hapo hapo juu ya sahani. Alikuwa amelala, ameketi wima.

Hakuna aliyemwamsha. Mama mzee alilitoa tonge kidoleni mwake, akamlaza juu ya mkeka, akamfunika kanga.

MAPATANO

Ndipo tulipozungumza, mzee na mimi. Sikuwa na haki ya kumwambia: Mtoto asiende tena ziwani. Yeye hakuwa na nguvu za kuniambia: Haidhuru. Tulitafuta njia ya katikati. Jirani mmoja alikuwa na kijana wa miaka 20, aliyekwisha kuacha shule, asiyekuwa na mtumbwi. Akakubali kuchota maji kila usiku kwa malipo ya mukeke mmoja kati ya kila mitano. Huo ni upungufu mkubwa kwa nyumba maskini, na mzee alihesabu mara mbili kabla ya kuitikia. Mtoto angekwenda usiku wa kuamkia Jumapili tu. Nami nikaahidi mambo mawili: kumfundisha saa moja kila jioni mpaka siku ya mtihani, na kutosoma tena jina la mtoto yeyote mwenye deni mbele ya wenzake. Ahadi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana nilipaswa kuitetea mbele ya wakubwa wangu.

Mwaulizaje, alishinda mtihani? Alishinda, si kwa sifa, bali alishinda. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 2019, serikali ilianza kutekeleza shule ya msingi bila malipo. Wengi waliokuwa wamerudishwa nyumbani wakaingia tena, na madarasa yetu yakafurika. Kwa mtoto yule jambo hilo lilichelewa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuingia shule ya sekondari. Lakini wadogo zake wawili walilipata.

YALE YALIYOBAKI

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katika Uvira, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Ziwa lenyewe nalo likapanda katika miaka ile. Mahali pale tulipokula chini ya mwembe paliingiliwa na maji. Jamaa ile ilihamia juu zaidi, ikabeba mtumbwi, chungu na kitanda cha kukaushia.

Lakini hatari nyingine haina kelele. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa Tanganyika yamezidi kupata joto. Maji ya joto ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki upesi. Basi mbolea iliyo kilindini, ambayo upepo wa kiangazi ungeipandisha, hubaki chini. Mimea midogo ya majini hupungua, vijidudu hupungua, na ndagala pia. Upepo ule ulionilowesha na kunitia hofu, kumbe ndio mpishi wa ziwa: ndio unaokoroga chungu kikubwa.

Dawa ya joto la dunia haiko mikononi mwa mvuvi wa Kalundu peke yake. Lakini wavu wa chandarua uko mikononi mwetu, na vilevile majira ya kupumzisha ziwa. Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano ya kulilinda mwaka 2003. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae na wakue. Miezi mitatu bila ndoana ni migumu kwa nyumba yenye mafungu matatu ya noti juu ya ubao. Asiyejua ugumu huo asiwahubirie wavuvi. Na anayeujua asikubali wale punje za mchele zenye macho waletwe jikoni mwake. Asiyenunua hakuna atakayemvulia.

Basi, ninyi wanafunzi, mwenzenu akisinzia darasani, msimcheke kwanza. Nasi walimu, kabla ya kushika panga, tutazame mwezi. Nanyi mama wa nyumba, jioni ya leo mkiwatia ndagala katika maji ya moto, kumbukeni kwamba yuko mtu aliyekesha gizani, na pengine kando yake yuko mtoto mwenye kopo mkononi, akichota, akamwaga; akichota, akamwaga, mpaka kunapambazuka.